Sakafu ya Saruji Si Mpira

Mama mwenye nyumba amemaliza kudeki jikoni. Sakafu bado inang'aa maji, naye yuko pekupeku. Anashika mlango wa friji, mkono unaruka. "Friji linapiga shoti!" Fundi anaitwa, anafika jioni na viatu vyake vya soli nene, anakuta sakafu imekauka kau. Analipapasa friji juu hadi chini, hasikii kitu. "Mbona ni zima tu, mama?" Anachukua nauli yake na kuondoka. Kesho yake asubuhi, baada ya kudeki, friji linapiga tena.

Hitilafu imo ndani ya friji, hilo halina ubishi: pengine waya umechubuka au kompresa inavujisha umeme kwenye bodi. Lakini kilichobadilika kati ya asubuhi na jioni si friji, ni sakafu. Asubuhi saruji ilikuwa njia ya umeme kwenda ardhini, jioni ikawa kizuizi. Fundi yule, kama mafundi wengi na kama sisi wateja wao, amekua akiamini kwamba saruji ikishaganda imekuwa jiwe, na jiwe halipitishi umeme. Imani hiyo ni kweli kabisa kwa zege lililotoka kwenye tanuri la maabara. Zege tunaloishi nalo, la jikoni, bafuni, barazani na msingini, lina tabia nyingine.

Wanaopima mambo haya hutumia kipimo cha omu-mita, yaani ukinzani wa mada yenyewe bila kujali ukubwa wa kipande. Zege lililokaushwa tanurini mpaka maji yote yatoke hufika omu-mita bilioni moja hivi, kiwango cha vihami halisi. Lichukue zege hilohilo, liloweke, lipime tena: utapata kama omu-mita 100. Mwongozo namba 80 wa taasisi ya wahandisi wa umeme, IEEE, unaotumika duniani kote kusanifu vituo vya umeme, unalikadiria zege lililolowa kuwa na omu-mita 21 hadi 200. Kutoka bilioni hadi mia ni tofauti ya mara milioni kumi, na hakuna aliyeongeza wala kupunguza chochote katika zege hilo isipokuwa maji.

Tarakimu hizo zinaeleweka vizuri zaidi zikiwekwa chini ya miguu ya mtu. Kwa makadirio ya mwongozo huohuo, ukisimama pekupeku kwa miguu yote miwili, ukinzani kati yako na ardhi ni karibu mara moja na nusu ya ukinzani wa kile unachokikanyaga. Sakafu iliyolowa ya omu-mita 50 inakupa kinga ya omu 75 tu. Mwili wa binadamu hukadiriwa kuwa na omu 1,000. Ukigusa waya wa volti 230 ukiwa hapo, mwilini hupita zaidi ya miliampea 200, na mkondo wa namna hiyo ukipita kifuani kwa sekunde moja unatosha kuuvuruga moyo. Sasa ikaushe sakafu ifike omu-mita milioni moja. Kinga inakuwa omu milioni moja na nusu, na mkondo unashuka chini ya theluthi moja ya miliampea. Hata mtekenyo hutausikia. Ni waya uleule, mtu yuleyule, sakafu ileile.

Ndiyo maana simlaumu sana fundi wa jioni. Mikono yake haikumdanganya. Kosa lake ni kuamini kwamba jibu la saa kumi na mbili jioni ni jibu la saa mbili asubuhi.

Siri ya tabia hii iko katika namna saruji inavyoganda. Watu husema zege "linakauka", lakini kinachotokea kwanza ni saruji kuyameza maji na kugeuka kitu kipya. Mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 12 hivi za maji kwa ajili ya mgeuko huo wa kikemia, na lita nyingine zipatazo 9 au 10 hunaswa ndani ya utomvu mgumu unaozaliwa. Yanayozidi hapo hayana kazi. Hukaa kwa muda ndani ya zege, kisha taratibu huondoka yakiacha vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho, vilivyoungana kila upande. Na nani asiyemjua fundi anayetaka zege laini, linaloteleza kwenye koleo bila kumchosha? Anaagiza ndoo moja, kisha nyingine, na kibarua hana ubavu wa kumkatalia. Kila ndoo ya ziada ni vijia vya ziada.

Maji yanayobaki katika vijia hivyo si ya kunywa. Yameyeyusha sodiamu na potasiamu kutoka kwenye saruji, yamejaa kalsiamu hidroksidi, na ukali wake wa magadi ni wa kuchuna ngozi. Mwenye kushika zege bichi kwa mikono mitupu anaujua. Maji matupu hupitisha umeme kidogo sana, ila haya, kwa wingi wa ioni zake, huupitisha sawa na maji ya bahari au hata kuyazidi. Kwa hiyo umeme haupiti katika kokoto wala mchanga wala saruji yenyewe iliyoganda. Unapita katika vijia vya maji. Jua likiyakausha, njia inakatika. Ukimwaga ndoo ya maji ya kudekia, au mvua za masika zikaingia ukutani, njia inafunguka upya.

Joto nalo lina neno hapa. Waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake hupanda. Zege lenye unyevu likipata moto, ukinzani hushuka, kwa sababu ioni zinakimbia kwa wepesi zaidi.

Haya yote yanafafanua lalamiko linalosikika sana msimu wa mvua: "Ukuta unapiga shoti." Katika nyumba nyingi za kupanga, waya hupitishwa kwenye mfereji uliochongwa ukutani na kupigwa plasta juu, bila bomba. Kiangazi chote hakuna anayejua kwamba ganda la waya limechanika pale ulipokunjwa. Paa likianza kuvuja, plasta inalowa, na eneo zima la ukuta linakuwa na umeme. Hapo mwenye nyumba hupaka rangi. Nimeona hata plasta ikibanduliwa na kupigwa upya, waya uleule ukabaki ndani.

Pamoja na yote hayo, wapo walioifanya saruji kuwa kihami, na kwa ufanisi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mitambo ya umeme ya Marekani na Ulaya ilifungwa makoili makubwa ya kuubana mkondo usifurike pale hitilafu inapotokea, na mizunguko ya waya wa makoili hayo ilishikwa na nguzo za zege. Wahandisi hawakuliamini zege hivihivi. Walilikausha, kisha wakalipaka vanishi ili unyevu usirudi. Kisha zikaja bodi za saruji iliyochanganywa na asbesto, zilizofungwa nyuma ya swichi kubwa na ndani ya vyumba vya kuzimia cheche, kwa sababu moto wa umeme uliokuwa ukiunguza mbao na ebonaiti haukuzifanya kitu. Zilifanya kazi vizuri sana; ubaya ulikuwa vumbi lake kwenye mapafu ya waliozikata kwa msumeno.

Mfano ulio karibu zaidi uko mezani kwa fundi redio yeyote. Fungua televisheni ya zamani au spika yenye amplifaya, utaona kijiwe cheupe cha pembe nne, urefu wa kifundo cha kidole, kimeandikwa kitu kama 5W 10ΩJ. Mafundi hukiita rezista ya simenti. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye kijiti, ukalazwa kwenye kiboksi cha kauri na kujazwa simenti. Si simenti ya kujengea, ni ya silika, isiyobakiza maji ya magadi ndani. Kazi yake ni kushika waya, kuhami umeme na kupitisha joto nje bila kupasuka. Kiguse baada ya dakika kumi za muziki, utajua kama kinafanya kazi.

Kwenye njia kuu za umeme mkubwa saruji imo pia, ila wengi hawaioni. Vile visahani vya kauri au kioo vinavyoning'inia kwenye minara vimeunganishwa na vyuma vyake, kofia ya juu na pini ya chini, kwa saruji. Mgawanyo wa kazi hapo ni wa busara: kauri inazuia umeme, saruji inabeba uzito. Hata hivyo saruji isiyo nzuri huvimba kidogokidogo kwa miaka, na kuna njia za umeme ambako visahani vilipasuka kwa sababu hiyo tu.

Aina ya saruji nayo ina uzito. Mwaka 1908 Mfaransa Jules Bied, wa kampuni ya Lafarge, alipata hataza ya saruji yenye alumina nyingi, akitafuta kitu kisicholiwa na maji yenye salfeti. Baadaye ilionekana kwamba zege la saruji hiyo lina ukinzani mara 10 hadi 15 ya lile la saruji ya kawaida. Ni tofauti kubwa, lakini ikilinganishwa na zile mara milioni kumi za maji, ni ndogo sana.

Waliokataa kabisa kulitegemea zege ni watu wa reli. Mataruma ya zege, kama yale ya reli ya SGR ambako treni za umeme wa volti 25,000 zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, hayagusani na reli moja kwa moja. Chini ya reli kuna zulia la mpira au plastiki, na pembeni, pale vibanio vinaposhika, kuna vipande vya nailoni. Mpira ule hupunguza mtikisiko, lakini pia huzuia umeme usivuke kutoka reli moja hadi ya pili kupitia zege na vyuma vyake siku ya mvua. Taruma la mti mkavu halikuhitaji ulinzi wote huo.

Hivyohivyo kwa nguzo. Tanzania na Kenya sasa zinasimamisha nguzo za zege badala ya zile za miti, na kwa kuoza na mchwa huo ni uamuzi mzuri. Ila asije mtu akadhani nguzo ya zege ni salama kuegemea waya unapokatika na kuilalia. Ndani ina chuma kuanzia juu mpaka chini, na chini iko kwenye udongo wenye unyevu. Kwa upande wa umeme, ichukulie kuwa ni nguzo ya chuma iliyovaa koti.

Na ukipita kituo cha kupoza umeme, chungulia uzioni. Ardhi imemwagwa kokoto. Si uchoyo wa kumwaga zege. Kokoto safi za granaiti, hata zikinyeshewa, hubaki na omu-mita elfu kadhaa, kwa sababu maji hupita katikati yake na kwenda zake. Zege huyanywa maji na kuyatunza. Fundi anayetembea juu ya kokoto siku ya radi ana kinga ambayo sakafu nzuri ya saruji isingempa.

Pwani tabia hii ina sura nyingine tena. Katika jengo la Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya bahari hupenya zege kupitia vijia vilevile, na ikifika kwenye nondo huvunja ngozi nyembamba inayozikinga. Kutu huanza. Kutu yenyewe ni mkondo wa umeme: sehemu moja ya nondo inapoteza chuma, sehemu nyingine inapokea elektroni, na ioni zinarudi kupitia zege. Zege likiwa na ukinzani mkubwa, kutu inatambaa. Ukinzani ukiwa mdogo, inakimbia. Wakaguzi hupima kwa kifaa chenye ncha nne kinachobanwa ukutani: ncha za nje hupitisha mkondo, za ndani husoma volti. Frank Wenner, wa ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, aliieleza mbinu hiyo mwaka 1915 kwa ajili ya kupima udongo. Kwa kawaida zaidi ya omu-mita 200 huhesabiwa kuwa shwari. Chini ya 50, mwenye jengo aanze kutafuta fedha. Dawa mojawapo iko katika saruji zetu wenyewe, zile zilizosagwa pamoja na pozolana ya volkano, ambayo huziba vijia na kupandisha ukinzani mara kadhaa, mradi zege limwagiliwe vya kutosha siku za mwanzo.

Mpaka hapa zege limekuwa mtuhumiwa. Kuna mtu mmoja aliyeligeuza shahidi wa upande wake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Marekani lilikuwa na maghala ya mabomu katika jimbo la Arizona, karibu na Tucson na karibu na Flagstaff. Radi ilikuwa hatari ya wazi, na kinga ya radi inahitaji njia nzuri ya kuuzamisha umeme ardhini. Kwa kawaida hupigiliwa fimbo za shaba. Tucson, hata hivyo, ni jangwa lenye mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, na fimbo katika udongo mkavu namna ile ni kama haipo. Mhandisi mshauri, Herbert Ufer, mwaka 1942 alitumia kitu ambacho kilikuwa tayari kinakwenda kuzikwa: nondo za msingi. Aliziunganisha, zege likamwagwa juu yake, na waya wa kinga ukafungwa hapo.

Hesabu yake ilikuwa ya mtu anayelijua zege. Msingi huvuta unyevu kutoka kwenye udongo hata pale udongo unapoonekana mkavu, nao hauachii upesi. Yale maji ya magadi ndani yake hupitisha umeme vizuri, na eneo ambalo msingi unagusana na ardhi ni kubwa mno kulinganisha na fimbo ya unene wa kidole. Maungio yalipopimwa tena karibu miaka 20 baadaye, ukinzani wake ulikuwa kati ya omu 2 na 5. Wapo mafundi wanaopigilia fimbo mbili katika udongo mzuri na wasipate hivyo. Ufer aliwasilisha matokeo yake mwaka 1963, kanuni za umeme za Marekani zikaitambua njia hiyo mwaka 1968, na tangu 2005 zinataka nondo za msingi zitumike kila zinapokuwepo. Ujerumani ina kiwango chake, DIN 18014, kinachosimamia jambo hilohilo kwa majengo mapya. Masharti ya Marekani ni mepesi kushangaza: nondo ya nusu inchi yenye urefu wa mita 6, au waya mtupu wa shaba wa urefu huohuo, uliofunikwa na zege lisilopungua sentimita 5, ndani ya msingi unaogusana na udongo.

Huku kwetu fundi umeme huitwa nyumba ikiwa imeshaezekwa. Anachimba kishimo nyuma ya jiko, anapigilia fimbo fupi mpaka inagonga mwamba, anakata kipande kilichobaki juu, kisha anamwaga chumvi na mkaa. Siku anapokuja mkaguzi, udongo bado una maji ya kishimo. Dodoma, ambako karibu mvua yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, sijui nani anayerudi kupima mwezi wa Septemba. Na wakati huohuo, mita mbili kutoka kwenye fimbo ile, kuna tani kadhaa za zege lenye unyevu ambalo lingeifanya kazi hiyo bure, kama mtu angekumbuka kuacha ncha ya chuma nje kabla ya kumwaga.

Kuna mambo ya kuangalia, na ramani za nchi nyingine hazitufai neno kwa neno. Nyumba nyingi za kawaida msingi wake wa chini ni zege tupu, halafu matofali. Nondo ziko kwenye mkanda, juu ya usawa wa ardhi, ambako hazisaidii. Nyumba ya namna hiyo inahitaji nondo ya mita 6 ilazwe makusudi katika zege la mtaro, kwa gharama isiyofika hata nusu ya bei ya mlango mmoja wa mbao ngumu. Matofali madogo yawekwe chini yake ili isiguse udongo. Nondo zikiwa zaidi ya moja, waya wa kawaida wa kufungia nondo unatosha kuziunganisha. Na ikiwa chini ya zege hilo kumetandikwa nailoni ya kuzuia unyevu, mpango wote unaharibika, kwa sababu nailoni inalitenga zege na udongo kama ilivyokusudiwa.

Ugumu uliopo ni wa ratiba. Fundi ujenzi na fundi umeme wana mikataba miwili, na siku ya kumwaga msingi fundi umeme hajajulikana ni nani. Mwenye nyumba ndiye pekee anayekuwepo siku zote mbili. Maneno ya kumwambia fundi ujenzi ni machache: "Fundi, kabla hujamwaga, niachie nondo moja itokeze pale mita itakapokaa." Fundi umeme akija, miezi sita au miaka sita baadaye, ataikata kutu, atafunga klempu ya shaba na kupima.

Kwa aliyekwisha kumwaga, na huyo ndiye sisi wengi, nondo za msingi hazifikiki tena bila kubomoa. Linalobaki ni fimbo ndefu iliyopigiliwa hadi kwenye udongo usiokauka, ipimwe kiangazi, na swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, ifungwe kwenye boksi la fyuzi. Ina kitufe kidogo kilichoandikwa T. Bonyeza mara moja kwa mwezi. Isipokata, mwite fundi, na ukimwita kwa ajili ya friji, mwambie aje asubuhi.